Ol-raunda wa kriketi ya kulipwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wanauliza tena na tena kuhusu hii kazi, kuanzia aliyeanza kufuatilia kriketi juzi juzi mpaka mzazi ambaye mtoto wake anapiga na kurusha na hajui amwelekeze wapi. Kabla hatujaanza: mpigaji ndo anayeshika bati, mrushaji ndo anayerusha mpira, mikimbio ndo pointi za timu, kumtoa mpigaji ndo kupata wiketi, na ova moja ni mipira sita. Ukishika hayo, mengine yatakuja yenyewe.

Ol-raunda ni nani hasa?

Ni mchezaji anayepiga na kurusha, na vyote viwili anavifanya kwa kiwango cha kuishindia timu mechi. Wengi wanachanganya hapa. Mrushaji anayeingia kupiga namba 9 akakupa mikimbio 20 ya kubahatisha, huyo ni mrushaji anayejua kushika bati, basi. Kipimo kizuri ni hiki: ukimnyang'anya mpira, bado angechaguliwa kwa kupiga tu? Ukimnyang'anya bati, bado angechaguliwa kwa kurusha tu? Wa kujibu ndiyo kote kote ni wachache mno katika historia nzima ya mchezo. Wengi ni ndiyo upande mmoja na "karibu" upande wa pili, na hao ndo ol-raunda wa kawaida tunaowaona kila wiki.

Mlinda wiketi (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) anayepiga vizuri naye si ni ol-raunda?

Kwa mazoea hapana, ana kundi lake. Neno hili tunaliacha kwa anayepiga na kurusha.

Mbona kila timu inamtafuta mtu wa hivyo?

Fanya hesabu tu. Mechi ya siku moja ina ova 50 kwa kila timu na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10, na kwenye T20 zipo ova 20 na mwisho wa mtu mmoja ni ova 4, kwa hiyo kote kote unahitaji warushaji watano kwa uchache. Timu ina watu 11. Toa warushaji watano, toa mlinda wiketi, unabaki na wapigaji watano tu, na siku mrushaji wako mmoja akichapwa kila kona au akishika paja akatoka nje, huna wa kuziba ova zake. Ukiwa na ol-raunda mmoja wa kweli unapata mrushaji wa sita bila kupunguza mpigaji hata mmoja, kapteni anapumua, kocha anapumua. Ndo maana timu inaweza kumvumilia ol-raunda aliyeshuka fomu muda mrefu kuliko inavyomvumilia mpigaji wa kawaida, manake akitoka yeye mpangilio mzima wa timu unavurugika.

Ubora wake unapimwaje?

Njia ya zamani ni kuangalia wastani mbili. Wastani wa kupiga (mikimbio kwa kila mara aliyotolewa) unatakiwa uwe mkubwa, wastani wa kurusha (mikimbio aliyoachia kwa kila wiketi) unatakiwa uwe mdogo, halafu unatazama tofauti yake. Kwenye mechi za Testi (zile ndefu za mpaka siku tano kati ya nchi na nchi), Garry Sobers wa West Indies ana 57.78 kwa kupiga na 34.03 kwa kurusha. Jacques Kallis wa Afrika Kusini ana 55.37 na 32.65. Imran Khan wa Pakistan 37.69 na 22.81. Ian Botham wa Uingereza 33.54 na 28.40. Ukiona tofauti ya zaidi ya 10 kwa mtu aliyecheza miaka mingi, huyo ni wa kuvuliwa kofia.

ICC, chombo kinachosimamia kriketi duniani, wana njia yao, wanachukua pointi za mchezaji za kupiga wanazizidisha kwa pointi zake za kurusha halafu wanagawa kwa 1,000. Tazama inavyofanya kazi: mwenye 800 za kupiga na 300 za kurusha anapata 240, ila mwenye 500 na 500 anapata 250. Yaani mfumo wenyewe unampenda aliyelingana pande mbili. Mimi naona unawapendelea kidogo, manake uwanjani yule wa 800 anaweza kukushindia mechi peke yake, lakini ndo kipimo rasmi na wachezaji wanakiangalia.

Nani bora kuliko wote?

Hapa watu hawatakubaliana kamwe. Mimi ni Sobers, na sababu yangu ni kwamba alikuwa anarusha aina tatu tofauti kwa mkono huo huo wa kushoto: ya kasi, spini ya vidole na spini ya kiganja (spini ni mpira unaozungushwa ili ukidunda ubadili njia), hivyo kapteni alikuwa na warushaji watatu ndani ya mtu mmoja, na juu yake akamaliza na mikimbio 8,032 na wiketi 235 katika Testi 93. Anayemtaja Kallis nampa heshima kabisa, mikimbio 13,289, wiketi 292 na kudaka mipira 200 katika Testi 166 si mchezo, na kilichomnyima sifa ni kwamba alifanya kazi yake bila kelele.

Na tusiwasahau wanawake kama inavyotokea kila mara kwenye huu mjadala. Mtu wa kwanza kabisa kufunga mikimbio 100 kwenye ingizo moja (zamu moja ya kupiga) na kuchukua wiketi 10 ndani ya Testi hiyo hiyo alikuwa Betty Wilson wa Australia, dhidi ya England, mwaka 1958. Wanaume walisubiri mpaka 1980 Botham alipofanya hivyo Mumbai, mikimbio 114 na wiketi 13, kisha Imran 1983 na Shakib Al Hasan wa Bangladesh 2014. Halafu kuna Ellyse Perry, aliyeanza kuichezea Australia kriketi na mpira wa miguu akiwa na miaka 16, mwaka 2007, akafunga goli robo fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 2011, akaja kupiga 213 bila kutolewa kwenye Testi ya 2017 na kuchukua wiketi 7 kwa mikimbio 22 mwaka 2019. Binafsi sioni mwingine wa kizazi hiki aliyefika hapo.

Kazi yenyewe inaanzaje?

Karibu kila mara inaanzia upande mmoja. Mtoto anaonekana kwa kurusha au kwa kupiga, anaingia timu za umri, upande wa pili unakomaa polepole. Sobers mwenyewe aliitwa 1954 akiwa na miaka 17 kama mrushaji wa spini, wakamweka kupiga namba 9. Miaka minne baadaye akapiga 365 bila kutolewa dhidi ya Pakistan, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Kwa hiyo ukiona kijana wako wamemweka chini kwenye mpangilio wa wapigaji usikimbilie kugombana na kocha. Kuingia timu ndo hatua ngumu zaidi, na mlango wa kuingilia ni ule ujuzi wako mmoja ulio imara.

Hili nalisisitiza kwa sababu ndo linawapoteza vijana wengi wenye kipaji. Wanajiita ol-raunda wakiwa na miaka 15, wanagawanya muda nusu kwa nusu, wanafika miaka 20 wakiwa wa wastani pande zote mbili, na mchaguzi wa timu ya kulipwa hana kazi na mtu wa wastani mara mbili, anataka mtu mwenye kitu kimoja ambacho wengine hawana, kile cha pili ndo kinamfanya akuchague wewe na amwache mwenzako.

Kocha ananiambia nichague kitu kimoja. Nifanyeje?

Muulize anaona nini. Kama anasema hivyo kwa sababu mgongo wako unauma au mwendo wako wa kurusha una tatizo, msikilize. Kama anataka tu kurahisisha mazoezi yake, usiache, ila kubali mmoja uwe mkuu kwa sasa na mwingine upewe muda mdogo. Na ujue inaweza kugeuka kabisa. Steve Smith wa Australia aliingia Testi 2010 kama mrushaji wa spini anayepiga namba 8, leo anahesabiwa kati ya wapigaji wakubwa wa zama zake na mpira ni nadra aushike. Collins Obuya wa Kenya aliivunja Sri Lanka kwa wiketi 5 kwa mikimbio 24 Nairobi kwenye Kombe la Dunia la 2003, ile spini yake ya kiganja ikampeleka mpaka timu ya Warwickshire kule Uingereza. Baadaye kurusha kukamkataa, akajijenga upya kama mpigaji, na Kombe la Dunia la 2011 akabaki uwanjani na 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Kama angekuwa na upande mmoja tu hiyo kazi ingeishia katikati ya miaka ya 2000.

Kwa nini wanaumia sana?

Hili ndo swali zito la kazi nzima. Anayerusha kwa kasi anatua kwa mguu wa mbele na mguu unapokea nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake, wakati huo huo mgongo unajipinda na kujikunja upande, tena na tena, mamia ya mara kwa wiki. Mfupa wa chini ya mgongo kwa vijana bado haujakomaa, unaanza kupata ufa mdogo mdogo ambao mwanzoni unasikia kama uchovu tu. Kijana anakaza, anachua, anaendelea, siku moja anaenda kupigwa picha hospitali anaambiwa mfupa umepasuka na msimu umeisha. Sasa ongeza kwamba ol-raunda akimaliza kurusha hapumziki, anavaa pedi aingie kupiga, na akiwa hapigi anakimbiza mipira uwanjani kama wengine.

Mifano imejaa. Andrew Flintoff wa England alikuwa shujaa wa Ashes ya 2005 (mfululizo wa Testi za England na Australia), ila kifundo cha mguu na goti vilimfanya aache Testi 2009 na mwaka uliofuata akastaafu kabisa. Shane Watson wa Australia alipoteza miaka yake ya mwanzo kwa majeraha mpaka akahamishiwa kufungua upigaji mwaka 2009. Hardik Pandya wa India alitolewa uwanjani kwa machela 2018 na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa mgongo. Cameron Green wa Australia naye alipasuliwa mgongo 2024. Hawa wote wana madaktari, wana watu wa viungo, wana kila kitu, na bado.

Kinachoumiza zaidi si kurusha sana peke yake, ni kurusha kunakopanda ghafla. Mtu ametoka kwenye T20 ambako anarusha ova 4 kwa mechi, wiki inayofuata yuko kwenye Testi anarusha ova 20 kwa siku, mwili haujazoea. Kwa hiyo timu makini zinahesabu kila mpira anaorusha, mpaka wa mazoezini, na zinampandishia idadi kidogo kidogo kabla ya mechi ndefu. Kama uko kwenye klabu isiyohesabu, hesabu mwenyewe, andika kwenye simu. Na maumivu ya mgongo upande mmoja yanayorudi kila ukirusha, hayo ni ya daktari, usiyachue nyumbani.

Wa spini je, wao wako salama?

Salama zaidi kwa mgongo, ndiyo, na kazi zao huwa ndefu. Ila bega na vidole vinachakaa.

Mazoezi ya pande mbili yanawezekanaje kwa siku moja?

Hayawezekani kwa ukamilifu, na aliyekubali hilo mapema anapata amani. Wengi wanapanga kwa kipindi: miezi ya mapumziko wanajenga mwili na kurekebisha upigaji, msimu ukikaribia ndo wanapandisha kurusha, msimu ukianza wanalinda tu walichonacho. Siku ya kurusha kwa nguvu wanapiga mipira michache, siku ya kupiga muda mrefu hawarushi kabisa. Kudaka na kurusha mpira kulenga vijiti ni kila siku, hakuna likizo.

Anapiga namba ngapi?

Namba 6 au 7 mara nyingi, ili apate muda wa kupumua akitoka kurusha. Kallis alipiga juu, namba 3 na 4, huku akirusha kwa kasi, na hadi leo sijui mwili wake ulikuwa wa nini.

Anaweza kucheza Testi, siku moja na T20 zote?

Anaweza, ila si kwa miaka mingi. Ben Stokes wa England alitangaza Julai 2022 kwamba anaacha mechi za siku moja kwa sababu ratiba ya aina zote tatu imemzidi, na huyu ndiye aliyepiga 84 bila kutolewa kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2019 na wiki chache baadaye 135 bila kutolewa kwenye Testi pale uwanja wa Headingley. Alirudi kwa Kombe la Dunia la 2023, ila ujumbe ulikuwa umefika. Kalenda ya sasa ina ligi kila mwezi na ol-raunda ndo anayeitwa kila mahali, asipojifunza kukataa ataitwa mpaka avunjike.

Fomu ikishuka inakuwaje?

Wanasema ol-raunda ana bahati, akitolewa bila mkimbio bado ana mpira mkononi mchana. Ni kweli, nimeona wachezaji wengi wakijiokoa hivyo. Lakini upande wa pili wa hilo hausemwi: wakati mwingine vyote viwili vinakataa kwa pamoja, na hapo unafeli mara mbili kwa siku mbele ya watu wale wale. Stokes alisimama kucheza Julai 2021 kulinda afya yake ya akili huku kidole nacho kikipona, na naona lilikuwa jambo la kijasiri kuliko ingizo lolote alilowahi kucheza.

Afanywe kapteni?

Inategemea mtu. Kapil Dev aliipa India Kombe la Dunia 1983, na kwenye mashindano hayo timu ilikuwa na mikimbio 9 tu na wapigaji 4 wameshatolewa dhidi ya Zimbabwe akaingia akapiga 175 bila kutolewa. Imran aliipa Pakistan la 1992. Lakini Botham aliongoza Testi 12 bila kushinda hata moja, akaachia ukapteni 1981, na Testi iliyofuata tu, Headingley, England wakiwa wamelazimishwa kupiga tena mfululizo, akapiga 149 bila kutolewa na England wakaishinda Australia mechi ambayo kila mtu alikuwa ameshaizika. Ugumu ni kwamba kapteni anayerusha lazima aamue ajipe mpira lini, na wengi wanajipa ova nyingi mno au chache mno.

Pesa ikoje?

Inatoka sehemu tatu: mkataba na bodi ya nchi, malipo ya kila mechi, na ligi za T20. Ligi ndo zimebadilisha maisha. Kwenye mnada wa IPL (ligi ya T20 ya India) wa Desemba 2022 Sam Curran wa England alinunuliwa kwa rupia milioni 185, bei ya juu kuliko zote mpaka siku ile, na alikuwa ametoka kuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la T20 kwa kurusha zaidi kuliko kupiga. Unaona? Ujuzi mmoja ulimpandisha bei, wa pili ukaiongeza. Mnada wa kwanza wa ligi ya wanawake ya India 2023 ulikuwa vilevile, Nat Sciver-Brunt na Ashleigh Gardner, wote ol-raunda, walienda kwa rupia milioni 32 kila mmoja.

Ila usidanganywe na vichwa vya habari. Wengi hawafiki mnada wowote. Wanaishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja ya timu za majimbo au klabu, na mkataba huo ukiwa unaisha wakati wewe una jeraha, hali inakuwa ngumu kweli. Bima ya majeraha na meneja anayejua kusoma mkataba ni vitu vya kununua kabla ya gari.

Ile sheria ya IPL ya kubadilisha mchezaji imewaua ol-raunda?

Kuwaua hapana, kuwabana ndiyo. Tangu 2023 timu inaweza kumtoa mtu mmoja katikati ya mechi na kuingiza mwingine kutoka orodha ya akiba, kwa hiyo unapiga na mpigaji kamili kisha unamtoa unaingiza mrushaji kamili, na yule kijana wa kupiga kiasi na kurusha ova mbili anakaa benchi. Rohit Sharma, mpigaji wa India, alilalamika hadharani kwamba inazuia ol-raunda wa India kukua na mimi namuunga mkono moja kwa moja. Mtu hawezi kukomaa kwenye kitu asichopewa kufanya.

Nikifuatwa na mtu wa kamari?

Toa taarifa siku hiyo hiyo, hata kama umekataa. Shakib alifungiwa Oktoba 2019, miaka miwili mmoja ukiwa wa kusimamishwa, na kosa lilikuwa kutoripoti waliomfuata. Miezi michache nyuma alikuwa ametoka kupiga mikimbio 606 na kuchukua wiketi 11 kwenye Kombe la Dunia.

Afrika Mashariki tumewahi kuwa na ol-raunda wa maana?

Tumekuwa nao, na wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Thomas Odoyo alianza kuichezea Kenya kwenye Kombe la Dunia la 1996 akiwa na miaka 17, akacheza Makombe ya Dunia matano mpaka 2011, na akawa wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Testi kufikisha wiketi 100 za mechi za siku moja. 2007 ICC wakampa tuzo ya mchezaji bora wa nchi wanachama washiriki (zile zisizocheza Testi). Maurice Odumbe ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ile mechi ya 1996 Kenya ilipoishangaza West Indies, Kenya 166, wao 93 wote nje. Juzi hapa Uganda walicheza Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza, 2024, na ushindi wao dhidi ya Papua New Guinea ulibebwa na Riazat Ali Shah, ol-raunda, kwa 33 za subira kabisa. Tatizo letu halijawahi kuwa kipaji, ni mechi. Ol-raunda anakua kwa kucheza nyingi, na nchi zetu zinapewa chache.

Kazi inaisha lini na baada yake?

Wa kasi wengi wanaanza kupunguza kurusha wakikaribia miaka 32 au 33, wanabaki kupiga zaidi, kisha wanaacha mechi ndefu na kumalizia kwenye ligi za T20. Kallis alienda mpaka miaka 38 na Testi yake ya mwisho, Durban, Desemba 2013, akapiga mia, lakini huyo si wa kujipimia. Baada ya hapo ni ukocha, utangazaji, wengine mambo tofauti kabisa kama Imran aliyekuwa waziri mkuu wa Pakistan 2018. Odoyo aliinoa timu ya taifa ya Kenya. Makocha wengi wazuri wanatoka kwenye kundi hili kwa sababu wanaweza kuongea na mpigaji na mrushaji bila kumhitaji mtu wa kati. Siku hizi wanachukua kozi za ukocha wakiwa bado wanacheza, hasa ile miezi ya kuuguza mgongo, manake huo ndo muda pekee wanaokuwa nao.